Rauta ya laini niliyonunua Kariakoo: kasi safi, ila paswedi ya admin inapita wazi

Wakuu, wengi mmeniuliza kuhusu hii rauta ya 4G niliyofunga stationery kwangu hapa Morogoro kama inafaa. Kwenye intaneti inafaa sana, ila kuna jambo la usalama ambalo muuzaji hatakwambia na kwenye boksi halipo, so soma mpaka chini kabla hujatoa hela. Jina la kampuni silitaji.

Mazuri yake nayasema haraka. Bei laki na nusu kasoro, unachomeka laini, unawasha, inashika. Inafika hadi kwa mama ntilie wa jirani na katikati kuna ukuta wa tofali, umeme ukikatika inakula paua benki, na wanafunzi wakijaa kuprinti asaimenti haigandi. Kwenye kasi sina neno.

Sasa njoo kwenye setingi. Unafungua brauza unaandika 192.168.1.1 inakuja ile kurasa ya kuingilia, na inakuja kwa http tupu isiyoficha kitu, bandari 80 (bandari ni mlango wenye namba ambao huduma inapitia), https inayoficha haipo, nimepekua menyu zote hata pa kuiwasha hapapo. Nikafungua Wireshark kwenye laptopu, ile programu ya kunasa na kuonyesha data inayopita kwenye mtandao, nikaingia kama admin, nikasimamisha kunasa, nikachuja http zibaki zenyewe, nikabofya ule mstari wa POST, yaani ule uliotuma fomu ya kuingilia. Jina admin, halafu paswedi yangu yote imekaa pale herufi kwa herufi, hadi ile alama ya mshangao ya mwisho. Kuna rauta zingine za zamani ukizipima hivi unaona YWRtaW46YWRtaW4= unadhani wamejitahidi kuficha, kumbe hiyo ni admin:admin imegeuzwa kwa base64 tu, namna ya kuandika data kwa herufi nyingine, kuirudisha ni sekunde na haihitaji ufunguo wowote.

Nilipomwambia fundi wangu kwamba mwizi anaweza kuinasa hiyo paswedi, akanijibu, "Kaka, huyo mwizi anapitia wapi na waifai ina paswedi?" Swali la maana, na kwa mtu anayekaa na familia yake tu jibu la fundi karibu linatosha. Lakini mimi paswedi ya waifai nimeibandika ukutani juu ya fotokopi! WPA2, yaani ulinzi wa waifai, inamzuia asiyeijua, mwenye kuijua akinasa ule wakati simu au laptopu yako inajiunga anaweza kufungua unachotuma, au anaidanganya laptopu yako kwa ujanja wa ARP (njia ambayo vifaa vya mtandao mmoja vinatafutana) kwamba yeye ndiye rauta, basi kila kitu kinapitia kwake kwanza. Kuingia kwenye setingi katika hali hiyo ni sawa na kumtajia mtu PIN kwa sauti ndani ya daladala. Na usiseme mimi huwa siandiki paswedi brauza inanikumbuka, ile kuki inayokutambulisha nayo inapita wazi hivyo hivyo, akiidaka anaingia kama wewe.

Haya, akiingia anafanya nini? Watu wanawaza ataiba bando. Bando ni kitu kidogo. Anaweza kubadilisha DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani yake, yaani wewe unaandika anwani ya benki rauta inakupeleka anakotaka yeye. Brazil kuanzia 2011 modemu zaidi ya milioni 4.5 zilibadilishwa DNS namna hiyo, wale walipitia tundu kwenye programu ya modemu siyo kunasa paswedi, lakini mwisho wake ni huo huo. Kama tovuti ina https brauza itapiga kelele, sawa, ila ni wangapi hapa tunabonyeza endelea bila kusoma?

Kwa hizi za laini kuna kubwa zaidi na sijaona watu wakilisema. Ndani ya kurasa ya admin kuna sehemu ya SMS na sehemu ya kupiga zile menyu za nyota na reli. Meseji zote zinazoingia kwenye hiyo laini zinasomeka pale. Sasa kama umechomeka laini yako ya zamani yenye pesa, au ndiyo namba uliyoandikisha kwenye barua pepe na benki, zile namba za uthibitisho zinatua mbele ya huyo jamaa. Mimi laini ya rauta nimeisajili mpya, haina pesa, haijaunganishwa na chochote.

Nyingine ni telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa na kukiamrisha kwa kuandika. Nilipoipima bandari 23 iko wazi kwa ndani, inakubali paswedi ile ile ya admin, nayo inapita bila kufichwa, na kitufe cha kuizima hakuna. Telnet ndiyo Mirai, kirusi cha kuteka vifaa vya mtandao, ilipita nayo 2016, ikawa inajaribu orodha ya paswedi za kiwandani kama 60 hivi kwenye kamera na rauta duniani kote ikazikusanya jeshi. Nashukuru kwa upande wa nje hii yangu imefungwa. Mafundi wanaopenda kuwasha usimamizi wa mbali ili wakuhudumie wakiwa kwao, waambie hapana.

Nimeendelea kuitumia lakini hivi: wateja wote wako kwenye waifai ya wageni, na nimejaribu kutoka huko 192.168.1.1 haifunguki, wewe ya kwako ihakikishe usiamini jina. Waifai kuu niko peke yangu na paswedi nimeibadilisha. Nikitaka kugusa setingi nachomeka waya, namaliza, natoka kwa kubofya pa kutokea, siyo kufunga kidirisha tu.

Kampuni niliwaandikia nikawauliza lini wataleta https. Wakanijibu niweke paswedi ndefu yenye namba na alama. Ndefu ninayo, na ndiyo ile niliyoisoma yote kwenye Wireshark.