Barramundi wa Darwin: chambo hai au chambo bandia?

Kwenye mahori ya mikoko karibu na Darwin, Australia, siku za bamvua kubwa maji huweza kupanda na kushuka kwa hadi karibu mita 8. Maji yakipwa, barramundi, ndugu wa sangara wa Ziwa Victoria, hujibanza kwenye midomo ya vijito akivizia samaki wadogo na kamba wanaosombwa.

Chambo hai, hasa mkizi mdogo, kinamfaa rafiki asiyewahi kuvua: mnatia nanga, mnashusha mshipi, mnapiga soga. Ila mkizi lazima mumnase kwanza kwa kimia, na kule kuna mamba wa maji chumvi. Msishuke kwenye tope. Rusheni mkiwa chomboni.

Chambo bandia kinachosha mkono na hunasa kwenye mizizi. Hata hivyo mimi nakichagua. Mnahama hori hadi hori mkifuata maji, na ndoano mara nyingi hushika mdomoni tu, kwa hiyo samaki asiyefika sentimita 55, kima cha chini cha kisheria huko, anarudi majini akiwa mzima. Mkiwa watatu kwenye boti ndogo, wawili warushe, mmoja ashike usukani, maana ndoano hupita karibu na macho.