Mwendokasi ya Kimara: kodi ya chumba karibu na kituo inalipa?

Njia ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam, iliyoanza Mei 2016, ina takriban kilomita 21: Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Raha yake ni barabara ya peke yake. Basi linaipita foleni ya Ubungo. Kasoro ya miaka mingi imekuwa mabasi machache: asubuhi yanajaa Kimara mwisho, anayesubiri vituo vya mbele, Korogwe au Baruti, anayakuta yameshona.

Dalali akisema "karibu na kituo", tembea mwenyewe saa 12 asubuhi kabla ya kutoa kodi ya miezi sita, pamoja na kodi ya mwezi mmoja anayochukua yeye kama malipo yake. Chumba cha bei poa kinachodai bodaboda? Zidisha nauli, kwenda na kurudi, mara siku 26 za kazi kwa mwezi. Mara nyingi unafuu unayeyuka. Na kandokando ya njia zikibaki nyumba za chini tu, bila ghorofa, vyumba haviongezeki. Kodi ndiyo hupanda.