Roki ya Skandinavia: anza na wanaoimba lugha ya kwao

Mwambie mtu wa kwetu akutajie wanamuziki wa Skandinavia, atasema ABBA. Kama alikuwa na redio kaseti miaka ya tisini ataongeza Roxette, labda na A-ha akiwa alipenda video. Halafu kimya. Mimi naishi Göteborg, mji wa pili kwa ukubwa Uswidi, na nimetumia jioni zangu nyingi za baridi kusikiliza kilichobaki baada ya majina hayo: bendi za magitaa, roki ya pembeni, ile isiyopigwa kwenye matangazo ya biashara. Masikio yangu yamelelewa na Msondo, Sikinde na taarab ya harusini. Kwa hiyo haya ni maoni ya mpenzi wa muziki wa dansi aliyejikuta nchi ya theluji, yachukue hivyo.

Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema. Usianze na wanaoimba Kiingereza. Anza na wanaoimba Kiswidi, Kinorwei, hata Kideni, ingawa hutaambulia neno.

Najua utashangaa. Lakini hebu tukumbushane: nani kati yetu alielewa Franco anamsema nani? Tulijua tu kwamba kuna mtu anasemwa, na anasemwa vizuri, basi tukaendelea kucheza. Mbilia Bel tuliimba naye kiitikio kwa maneno tuliyojitungia wenyewe uani. Msikilizaji wa Afrika Mashariki ana uzoefu mrefu wa kupenda nyimbo za lugha asiyoijua, na hilo hapa Ulaya ni utajiri. Nina rafiki Mwingereza ambaye bendi ikianza kuimba Kiswidi yeye anaacha kusikiliza. Mimi ndipo ninapokaa vizuri kwenye kiti.

Bendi iliyonifungulia mlango ni Kent, kutoka Eskilstuna, mji wa viwanda magharibi mwa Stockholm. Mzee mmoja kazini, ambaye kwa kawaida huzungumzia uvuvi tu, aliniletea CD ya albamu yao Isola ya mwaka 1997 na kuniambia niisikilize hadi mwisho, nisirukeruke. Alikuwa na sababu. Wimbo wa mwisho unaitwa 747 na una urefu wa dakika 7 na sekunde 47, utani wa wapiga magitaa huo. Joakim Berg anaimba sehemu yake kwa sauti ya mtu aliyechoka lakini hajakata tamaa, kisha anajiondoa, na vyombo vinabaki peke yake, gitaa juu ya gitaa, ngoma haziongezi kasi wala hazipunguzi. Mtu aliyezoea kungojea sebene ataelewa mara moja kinachoendelea pale: maneno yalikuwa njia ya kufikia huku. Tofauti ni kwamba sebene inakuinua kitini na hii inakukalisha chini.

Sasa sikiliza walichofanya baadaye. Mwaka 1998 Kent waliitoa Isola upya kwa Kiingereza, na albamu iliyofuata, Hagnesta Hill, nayo ikapata toleo la Kiingereza mwaka 2000. Nia ilikuwa soko la Uingereza na Marekani. Soko halikuitika. Wakarudi kwenye Kiswidi, na mwaka 2002 wakatoa Vapen & ammunition, ambayo nchini kwao iliuza kwa wingi wa ajabu. Nimezisikiliza Isola zote mbili, moja baada ya nyingine, na wala sihitaji takwimu za mauzo kunieleza kilichotokea. Magitaa ni yaleyale, lakini kwa Kiingereza Berg anaimba kama mtu aliyeazima viatu vya kaka yake. Kila neno analikanyaga kwa uangalifu. Kwa Kiswidi anavuta irabu, anameza mwisho wa neno, anachelewa makusudi, anafanya yale madoido ambayo mwimbaji huyafanya akiwa nyumbani kwake. Kama unataka ushahidi wa ninachosema kwenye makala hii yote, ni hizo albamu mbili. Bendi iliaga mwishoni mwa 2016, onyesho la kuaga likiwa Desemba 17 katika uwanja wa Tele2 Arena, Stockholm.

Mji wangu nao una mtu wake. Håkan Hellström alipitia bendi ya hapa iliyoitwa Broder Daniel, halafu mwaka 2000 akatoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, yenye jina la mji huu ndani yake. Watu walibishana kama kweli anajua kuimba. Swali hilo lina haki: sauti inakwaruza, inapanda asikofika, mara nyingine inaikosa noti kabisa. Mwaka 2014 mtu huyohuyo asiyejua kuimba alijaza uwanja wa Ullevi kwa watu zaidi ya 69,000. Nimewahi kumwona hapo Ullevi. Siwezi kukueleza alivyoimba kwa sababu sikumsikia, nilisikia uwanja. Mama wa makamo aliyesimama mbele yangu aliimba kila mstari tangu mwanzo hadi mwisho huku machozi yakimtoka, wala hakujifuta. Nimezoea taarab, wimbo ukikugusa unainuka, unakwenda mbele kumtunza mwimbaji. Mkono ulikwenda mfukoni wenyewe. Ila hapa hakuna utaratibu huo, na hata noti hakuna, kila kitu kadi.

Nikiwa hapohapo kwenye maonyesho, niseme machache kwa atakayefika. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi mara nyingi ni ya kufungua milango, ila bendi yenyewe ikisema saa tatu na nusu usiku, ni saa tatu na nusu. Koti utalilipia kulihifadhi mlangoni, na majira ya baridi huna ujanja. Vizibo vya masikio vinatolewa, vichukue. Nilikuwa nawacheka wenye kuvivaa hadi niliposimama karibu na spika ukumbi wa Pustervik, pale Järntorget. Na watu hawachezi. Wanasimama mikono kifuani kama wako gwaride la asubuhi shuleni, wimbo ukiisha wanapiga makofi kwa nguvu na kwa dhati, kisha kimya tena. Ukijisikia kuyumba kidogo, yumba, hakuna atakayekusema. Utaachiwa nafasi. Tiketi nunua kwa ukumbi wenyewe. Mimi kuna kampuni ya kuuza tiketi mkono wa pili iliyonitoza karibu mara mbili ya bei kwa onyesho ambalo mlangoni tiketi zilikuwa bado zipo.

Norwei, nikubali tu, imenishinda kwa mapenzi. Kaizers Orchestra wanatoka Jæren, kusini magharibi, jirani na Stavanger, mji wa mafuta wa nchi ile, na pengine ndiyo maana mapipa hayakuwa shida kwao. Kwa maana wanapiga mapipa. Mapipa ya mafuta hasa, ya chuma, kwa mitaimbo. Kuna mtu wa kinanda cha kukanyaga kwa miguu anayevaa barakoa ya gesi jukwaani. Mbele yupo Janove Ottesen anayeimba kwa lahaja ya kwao, si Kinorwei cha taarifa ya habari, na nyimbo nyingi zinasimulia visa vya majambazi, vita na wendawazimu, mhusika wa wimbo huu akirudi kwenye wimbo ule. Albamu yao ya kwanza, Ompa til du dør, ni ya 2001. Pamoja na lahaja hiyo ambayo hata watu wa Oslo wanaikunjia uso, walijaza kumbi Ujerumani na Uholanzi. Walisimama mwaka 2013, wakarudi 2023. Hii ndiyo bendi ambayo nikiipiga nyumbani kwangu wageni kutoka Temeke wanainua kichwa na kuuliza, "Nani hawa?" Kuna mdundo pale. Kuna mwili. Ukisoma makala hii ukasikiliza kitu kimoja tu, sikiliza hao.

Halafu wanakuja Madrugada kuniharibia hoja. Wanaimba Kiingereza, na ni wazuri kupita kiasi. Wanatoka Stokmarknes, mji mdogo wa visiwani kaskazini, juu ya mstari wa Aktiki, kule ambako jua linapotea wiki kadhaa wakati wa baridi. Industrial Silence ya 1999 isikilize usiku. Sivert Høyem ana sauti nzito, ya chini, isiyo na haraka, na Robert Burås alikuwa anapiga gitaa kwa kuacha nafasi. Noti moja, anangoja, noti nyingine. Burås alifariki 2007 wakiwa katikati ya kazi ya albamu, waliobaki wakaimaliza, ikatoka 2008 ikiwa na jina la bendi tu. Nisingependa kuwaambia isikilizeni kwa huruma. Isikilizeni kwa sababu ni nzuri. Walirudi jukwaani 2019 bila yeye. Kwa nini kwao Kiingereza hakiwabani kama kilivyowabana Kent? Nadhani ni kwa sababu hawakutafsiri. Nyimbo zilizaliwa humo.

Motorpsycho wa Trondheim nitawagusa tu. Wapo tangu 1989, albamu zinapita ishirini, na nyimbo zao ndefu zinahitaji mtu asiye na ratiba. Ingia kwa Timothy's Monster ya 1994, uone kama utatoka.

Denmaki tulifurahiana kwa kiasi. The Raveonettes walinivutia kwa wazo: rekodi yao Whip It On ya 2002 yote imepigwa kwenye ufunguo mmoja wa muziki, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Ni kelele tamu, lakini baada ya kuirudia mara chache nilihisi nimekwishaelewa. Mew, na albamu yao ya 2005 ambayo nyimbo zinaunganika bila kituo, kila mtu ananiambia ni hazina. Naheshimu ufundi, sauti ile nyembamba ya Jonas Bjerre inanichosha. Niliowapenda ni Under Byen kutoka Aarhus, wasiosemwa sana, na ndiyo, wanaimba Kideni: nyuzi za kusugua, piano, na Henriette Sennenvaldt akinong'ona kama anakuficha siri ileile anayokuambia.

The Hives wa Fagersta, wale wa suti nyeupe na nyeusi, ni burudani tupu, na Veni Vidi Vicious ya 2000 haifiki nusu saa. Inatosha kabisa. Zaidi ya hapo, ukweli ni kwamba kuna bendi nyingi mno hapa zinazoiga Uingereza kwa adabu, safi, zimerekodiwa vizuri, na ukizima hukumbuki ulichosikia.

Nimejiuliza nchi ndogo hivi zinapata wapi bendi nyingi namna hii. Sehemu ya jibu niliiona kwa jirani: mtoto wake anajifunza ngoma kwenye shule ya muziki ya manispaa kwa ada ndogo. Akikua akiunda bendi na wenzake, vyama vya elimu ya watu wazima vinaweza kuwapa chumba cha mazoezi chenye vyombo, kwa sababu bendi inayofanya mazoezi inahesabiwa kuwa kikundi cha kujisomea, na serikali inachangia. Kimojawapo ni ABF, chama cha elimu cha wafanyakazi kilichoanza 1912. Msondo wenyewe walianza hivyo: walikuwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na Urafiki Jazz walikuwa wa kiwanda cha nguo. Kwetu utaratibu huo ulikwisha. Hapa bado upo, ingawa kila bajeti wanaugombania.

Kuhusu kupata muziki wenyewe: programu za kusikilizia mtandaoni zina karibu kila nilichokitaja, lakini usiziachie zikuchagulie. Ukipiga Kent mara mbili zinakuletea pop ya Uswidi inayoimbwa kwa Kiingereza kwa wiki nzima. Andika jina la albamu, isikilize kwa mpangilio wake. Bendi ndogo zitafute Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ambako kwa wastani zaidi ya asilimia 80 ya pesa yako inamfikia msanii, na ukinunua unapakua faili lako, bando likiisha muziki unabaki. Santuri sishauri kuagiza kwa posta hadi nyumbani, gharama ya usafirishaji inazidi bei ya santuri. Ukiwa na ndugu Göteborg mtume Bengans, duka la Stigbergstorget lililopo tangu 1974, akatafute kwenye CD zilizotumika. Kent hawakosi. Under Byen itabidi amuulize mwenye kaunta.