Vikao vinne vya kupunguza pombe: uzoefu wangu Kampala

Nina umri wa miaka 24, ninauza simu mjini Kampala, na kwa miaka mitatu sehemu kubwa ya mshahara wangu iliishia kwenye bia, waragi (pombe kali ya hapa Uganda) na malwa (pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja). Mwezi uliopita nilimaliza mafunzo mafupi ya vijana wanaotaka kupunguza unywaji, vikao vinne vya ana kwa ana katika kliniki moja ya hapa.

Kabla ya yote mshauri aliniuliza kama mikono hunitetemeka asubuhi nisipokunywa, kwa sababu mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege, na mtu wa namna hiyo hupelekwa kwanza kwa daktari. Kisha tukajaza dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani la kupima unywaji wa pombe, lenye maswali 10. Nilijitetea kwamba Ijumaa huwa ninakunywa bia nne tu. Akanionyesha kwamba kipimo kimoja cha pombe ni gramu 10 za kilevi safi, ilhali chupa ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20. Bia zangu nne zilikuwa vipimo vinane, na waragi bado haujahesabiwa. Nilipata alama 17, wakati hatari huanza kwenye 8. Hakunihubiria hata kidogo.

Kilichonifaa zaidi ni mpango wa "ikiwa, basi", ambao mtu huuandika mwenyewe na kuutamka kwa sauti mpaka uzoeleke. Wangu ulisema: ikiwa nitakabidhiwa mrija wa malwa, basi nitaagiza soda. Wiki ya kwanza ulivunjika, kwani penye chungu kile hapauzwi soda, na kukaa mikono mitupu huku wenzako wanavuta ni kujitafutia maneno. Tuliurekebisha: sasa ninakwenda na chupa yangu ya maji.

Zoezi la kompyuta, la kusukuma mbali picha za pombe kwa kijiti cha kuongozea (joystick), sikuliona na maana. Picha zenyewe zilikuwa za mvinyo katika bilauri ndefu, na mimi sijawahi kumiminiwa mvinyo na mtu yeyote. Tena kikao cha tatu kilipangwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, na njia ya kurudi nyumbani imejaa baa. Siku hiyo nilishindwa, nikanywa.

Daftari langu la kuandika ninachokunywa wiki hii lina chupa mbili za bia, zote za Jumamosi.