Barakoa ya N95 kwa kazi za gatini: vumbi inazuia, gesi haizuii

Kwa kuli anayepakua saruji bandari ya Malindi, Unguja, au hamali wa Mkoani, Pemba, N95 ndiyo barakoa ya bei nafuu tunayoipendekeza kwa moyo mmoja. Ya kitambaa na ile ya bluu ya hospitali huacha mianya mashavuni, na vumbi hupita humo humo.

N95 hunasa angalau 95% ya chembe za maikroni 0.3, kwa hivyo vumbi la saruji na masizi ya dizeli haviwezi kuipenya kirahisi. Masizi hayo si ya kupuuzwa: moshi wa dizeli umewekwa tangu 2012 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Na meli ikishafunga kamba moshi haukomi, maana injini kubwa huzimwa lakini jenereta hubaki zikinguruma kwa ajili ya taa, friji na winchi. Kanuni ya kimataifa iliyoanza 1 Januari 2020 ilishusha salfa katika mafuta ya meli kutoka 3.50% hadi 0.50%. Ni nafuu kubwa, ila bado ni gramu 5 kwa kila kilo. Kaskazi ikivuma, moshi wa Malindi huelekea Mji Mkongwe.

Unaponunua, tafuta neno NIOSH (taasisi ya Marekani inayoidhinisha barakoa za kazini) na namba inayoanza na TC-84A juu ya barakoa yenyewe. Yenye vitanzi vya masikioni iache, ni ya bandia.

Kamba ya juu ikae kisogoni, ya chini shingoni. Bana bati la pua kwa vidole vya mikono yote miwili, ifunike kwa viganja, kisha pumua nje kwa nguvu. Hewa ikigusa macho, bana tena; ikitokea mashavuni, vuta kamba nyuma zaidi. Tatizo kubwa hapa kwetu ni ndevu: zikipita chini ya ukingo, barakoa haishiki. Mwenye ndevu asilazimishwe kunyoa. Apangiwe kazi mbali na saruji, au mwajiri amnunulie kofia ya feni inayopuliza hewa iliyochujwa.

Ikitota jasho, kupumua huwa kugumu, itupe. Usiifue, na usiivae tena ikiwa imeingia saruji ndani, kwani saruji na jasho huunguza ngozi.

Kwenye gesi, N95 haina msaada wowote. Forklifti ya dizeli ikifanya kazi ndani ya ngama, yaani shimo la mizigo la meli, kaboni monoksaidi hujaa bila harufu, na hata barakoa nzito zenye makopo ya kawaida ya kuchuja haziizuii. Vifuniko vya ngama viachwe wazi, feni iwashwe, kipimo cha gesi kitangulie kushushwa kwa kamba. Mwenzenu akianguka humo, asishuke mtu kumfuata kwa kutegemea N95: anayeshuka awe na mtungi wa hewa mgongoni.