RAM ipi ununue? Kasi iulizie mwisho

Mpwa wangu alikuja nyumbani na kompyuta ya ofisi iliyotumika, zile ndogo za mezani zilizojaa Kariakoo, pamoja na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8 iliyoandikwa kasi ya 3600, ina bamba jekundu na taa. "Anko, muuzaji kaniambia hii ndiyo ya gemu." Tukaifunga, tukawasha. Windows ikasoma 2400. Taa nazo zikawa zinawaka ndani ya kasha la chuma ambalo halina hata tundu la kuchungulia.

Hakutapeliwa, ila hakuna aliyemweleza kwamba kasi ya kwenye boksi ina masharti. RAM huwaka kwanza kwa kasi ya kawaida. Ile kubwa imehifadhiwa ndani yake kama profaili, XMP kwa Intel na EXPO kwa AMD, na lazima uiwashe mwenyewe kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi unayoingia kabla Windows haijawaka. Kompyuta za ofisi kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre kwa kawaida hazina kipengele hicho. Prosesa nayo ina kikomo chake: Intel Core za kizazi cha 6 zinatambua DDR4 (kizazi cha nne cha RAM za DDR) hadi 2133, za kizazi cha 7 hadi 2400, na i5 na i7 za mezani za kizazi cha 8 hadi 2666. Ukizidisha hapo, unalipia namba.

Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda sana duniani, viwanda vikipeleka chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo kosa la namna hii sasa linauma zaidi. Ninapanga hapa chini kuanzia kinachoirudisha pesa yako hadi kinachoimeza.

1. Kipande cha pili cha kawaida

Kama una GB 8 na mashine inakwama ukifungua kivinjari, Excel na WhatsApp kwa pamoja, dawa ni ujazo. RAM ikijaa, kompyuta inahamishia kazi kwenye diski. Vipande viwili vya DDR4-3200 vinaweza kupitisha GB 51.2 kwa sekunde. SSD ya SATA, yaani diski isiyozunguka ya aina ya kawaida, inapitisha karibu nusu GB. Yaani unashuka mara mia, na kama bado una diski ya kuzunguka, usiseme. Hakuna RAM ya kasi inayoweza kufidia shimo hilo.

Faida nyingine ni kwamba vipande viwili hufanya kazi kama njia mbili sambamba, upana unakuwa maradufu ya kipande kimoja. Si lazima vifanane chapa. Vikitofautiana kasi, vyote vitakwenda na mwendo wa yule mzembe, basi nunua kasi ileile ambayo mashine inaikubali.

Kabla ya kutoka nyumbani, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ingia Performance, kisha Memory. Utaona kasi halisi na sloti ngapi zimetumika. Kwenye laptopu uwe mwangalifu zaidi: ThinkPad T480 na HP EliteBook 840 G5 zina sloti mbili, T480s ina moja tu kwa sababu RAM nyingine imechomelewa, na X1 Carbon zote zimechomelewa. Hapo hata fundi hodari hana cha kukuongezea. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, pengo la chini liko mahali tofauti. Ikigoma kuingia, usiisukume.

2. Jozi ya DDR4-3200 CL16

Hii ni kwa mwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya DDR4 yenye XMP na anayecheza gemu au kuhariri video. Jozi ya GB 16 inatosha wengi, ya GB 32 kwa mhariri. Kuna 3600 CL18 ya bei juu kidogo, na hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana wauzaji hutaja namba moja na kunyamazia nyingine.

CL ni idadi ya mapigo ambayo RAM inasubiri kabla ya kutoa data. Zidisha CL kwa 2000, gawanya kwa kasi, unapata nanosekunde. DDR4-3200 CL16 ni 10. DDR4-3600 CL18 ni 10. DDR5-6000 CL30 ni 10. Hata DDR5-8000 CL40 ni 10 ileile! Kinachoongezeka ni upana wa njia. Kusubiri kunabaki palepale. Kinyume chake, 6000 CL40 inasubiri nanosekunde 13.3, na 4800 CL40 karibu 16.7. Kwa hiyo boksi mbili zilizoandikwa 6000 zinaweza kuwa bidhaa mbili tofauti. Soma CL kabla ya kutoa pesa.

3. Jozi ya DDR5-6000 CL30

Unajenga mashine mpya ya prosesa za AMD, Ryzen 7000 au 9000? Ishia hapa. AMD wenyewe walipotoa Ryzen 7000 mwaka 2022 waliitaja 6000 kuwa kasi inayofaa. Ikiwa tofauti ya bei na 5600 ni kubwa, chukua 5600 na hutajuta. Mwenye prosesa ya X3D, zile Ryzen zenye kashe kubwa (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa), ana sababu ndogo zaidi ya kukimbilia kasi: 7800X3D ina kashe ya MB 96 ndani yake, wakati 7700 ina 32, hivyo haiendi kwenye RAM mara kwa mara.

Chukua vipande viwili, usichukue vinne. Kwa Ryzen 7000, AMD inahakikisha 5200 ukiwa na viwili, na 3600 tu ukijaza sloti zote nne. Watu wengi hulipia kasi kisha wakaiua kwa mikono yao.

4. DDR5 ya 7200 kwenda juu

Acha. Inadai mazabodi ya gharama na prosesa iliyobahatika kuhimili kasi hiyo, na mara nyingine mashine inazimika katikati ya kazi mpaka uishushe. Gemu itakuonyesha tofauti pale tu prosesa ndiyo inayokwamisha, kwa mfano kwenye picha ya 1080p, yenye nukta chache kuliko 4K, ukiwa na kadi kubwa ya grafiki. Ukicheza 4K, kadi ndiyo inayohema, RAM inasubiri. Pesa hiyo weka kwenye kadi.

Kuna mtu mmoja ambaye namruhusu kudai kasi: asiye na kadi ya grafiki kabisa, anayetumia prosesa kama Ryzen 5 5600G. Grafiki yake inakula RAM hiyohiyo ya mashine, kwa hiyo upana wa njia unaonekana moja kwa moja kwenye gemu. Huyo anunue jozi ya 3200 au 3600, na asithubutu kuweka kipande kimoja.

Mpwa wangu alirudi Kariakoo wiki iliyofuata, akaleta kipande cha kijani cha 2400 kisicho na bamba wala taa. Kile chekundu bado kimo humo ndani, kinatembea 2400 pamoja na mwenzake.