FancyZones kwenye laptopu na monita mbili: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka. Mezani nina laptopu ya inchi 14 iliyounganishwa na monita mbili za inchi 24: matini ya asili inakaa kushoto, tafsiri katikati, kamusi na barua pepe kwenye laptopu upande wa kulia. Kuburuta madirisha kwa mausi kutwa nzima kunaumiza kiwiko cha mkono, ndiyo maana nikahamia FancyZones, zana ya kupanga madirisha iliyomo ndani ya PowerToys, kifurushi cha zana za ziada za Windows kutoka Microsoft. Ni ya bure. Unachora kanda zako, yaani visehemu vya kioo, kwenye kila monita, kisha ukiburuta dirisha huku umeshikilia Shift, linaingia kwenye kanda unayoitaka na kuijaza.

Mimi nilitaka zaidi ya hapo: kuhamisha madirisha kwa kibodi peke yake. Hapo ndipo penye kazi. Nabonyeza Windows na mshale wa kulia, dirisha linashika nusu ya kioo kana kwamba kanda zangu hazipo. Sababu ni kwamba vitufe hivyo tayari vinatumiwa na Snap, mgawanyo wa madirisha unaokuja na Windows yenyewe. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwenye mipangilio ya FancyZones kuna swichi iitwayo "Override Windows Snap", na kwangu ilikuwa imezimwa. Nikaiwasha, nikachagua madirisha yafuate mahali kanda ilipo badala ya namba yake, nikaruhusu pia yavuke kutoka monita moja kwenda nyingine. Sasa mshale wa kulia unapeleka kulia, wa juu unapeleka juu.

Ikiwa kwako hakuna kinachosogea kabisa, anza na kibodi kabla ya kugusa mipangilio. Bonyeza Windows na E. Kama dirisha la mafaili halifunguki, basi kitufe cha Windows hakifanyi kazi. Kibodi za gemu nyingi zina namna ya kukifunga ili mchezaji asitoke mchezoni kwa bahati mbaya.

Shida nyingine huwachanganya watu wengi: dirisha linahama, ila linaelekea upande usio wake. Kompyuta haijui meza yako ilivyopangwa. Ingia kwenye mipangilio ya kioo, utaona visanduku vyenye namba 1, 2 na 3. Bonyeza kitufe cha kutambulisha, namba itatokea kwa ukubwa kwenye kila monita, kisha buruta visanduku mpaka vifuate mpangilio wa mezani. Vilinganishe na kimo pia. Kisanduku kikikaa juu kuliko jirani yake, mausi inagota kwenye kona na haivuki.

Kuna madirisha yatakayogoma hata baada ya hapo, hasa ya programu zilizofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi ("Run as administrator"). Huo ni ulinzi wa Windows: programu ya kawaida hairuhusiwi kusogeza dirisha lenye mamlaka makubwa kuliko yake. Unaweza kuendesha PowerToys kwa mamlaka hayohayo, lakini mimi sioni haja kwa dirisha moja au mawili. Hayo nayaburuta.

Umeme ukikatika, monita zinazima, laptopu inabaki na betri yake, na madirisha yote yanarundikana kwenye kioo kimoja. Windows 11 ina kisanduku cha kuweka tiki, chini ya sehemu ya vioo vingi, kinachoifanya ikumbuke kila dirisha lilikuwa monita gani. Kiwekee tiki leo. Umeme ukirudi, madirisha yanarejea penyewe, na kwangu mimi hilo limeokoa muda kuliko kanda zote nilizochora.

Dirisha likipotelea kwenye monita iliyochomolewa, lichague kwa Alt na Tab, kisha bonyeza Windows, Shift na mshale wa kushoto au wa kulia. Likikaidi, bonyeza Alt na kitufe cha nafasi, halafu M, halafu mshale wowote, ndipo usogeze mausi: dirisha litakuja limeganda kwenye kishale.

Mwenye monita moja anayegawa kioo nusu kwa nusu tu, Snap inamtosha. Asipakue kitu.